Kuchagua kiyeyushi kwa mimenyuko ya kampaundi za kiaromati inayoendeshwa na mwanga: mwongozo kamili

Benzofenoni iliyoyeyushwa katika isopropanoli, ikafungwa vizuri na kuachwa juani, hutoa fuwele nyeupe za benzopinakoli zinazotuama chini ya chupa. Benzofenoni hiyohiyo ikiyeyushwa katika benzeni safi na kuwekwa kwenye jua hilohilo, hubaki karibu yote kama ilivyokuwa. Mwanga ni mmoja na kampaundi ni moja. Kilichobadilika ni kiyeyushi tu. Giacomo Ciamician na Paul Silber, waliokuwa wakianika chupa zao juani mjini Bologna mwanzoni mwa karne ya 20, waliona jinsi ketoni za kiaromati zinavyochukua hidrojeni kutoka kwa alkoholi, miaka mingi kabla nadharia ya hali za msisimko (hali za nishati ya juu ambazo molekuli huingia ikifyonza mwanga) haijawapo ili kulieleza jambo hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye na kampaundi ya kiaromati (yenye pete kama ya benzeni), taa na rafu ya viyeyushi, anayetaka kuamua kwa hoja na si kwa mazoea. Msimamo wangu ni kwamba kiyeyushi kichaguliwe kama mshiriki kamili wa mmenyuko, na kwamba maswali kukihusu yaulizwe kwa mpangilio: je, kinapitisha mwanga unaohitajika, je, kinatoa hidrojeni, kinaifanyia nini hali ya msisimko, na mwisho, kinabeba oksijeni kiasi gani na kina mnato gani. Umumunyifu, ambao wengi huanza nao, ni sharti la lazima, lakini hausemi lolote kuhusu yatakayotokea baada ya fotoni, yaani chembe ya mwanga, kufyonzwa.

Hatua ya kwanza: jua mwanga wako na mahali unapofyonzwa

Kabla ya kugusa kiyeyushi chochote, pima spektra ya ufyonzaji ya kampaundi yako katika viyeyushi viwili vinavyotofautiana sana, kwa mfano saikloheksani na asetonitrili. Benzeni hufyonza karibu na nanomita 254, naftaleni hufika takriban nanomita 310, na anthraseni hufika karibu nanomita 380. Taa ya zebaki yenye shinikizo dogo hutoa zaidi nanomita 254. Ile yenye shinikizo la kati hutoa mistari kadhaa, ikiwemo 313 na 365. Kioo cha kawaida cha maabara, cha aina ya borosilikati, huzuia sehemu kubwa ya mwanga ulio chini ya takriban nanomita 290, kwa hiyo kazi yoyote ya nanomita 254 inahitaji chombo cha kwatzi.

Linganisha pia nishati. Moli moja ya fotoni za nanomita 254 hubeba takriban kilojuli 471, na ya nanomita 365 hubeba takriban kilojuli 328. Ninapendelea mwanga wenye nishati ndogo kabisa unaoweza kufyonzwa vya kutosha na kampaundi lengwa, kwa sababu kila nanomita unayoshuka chini inaongeza idadi ya vitu vingine vinavyoweza kuufyonza mwanga huo, kiyeyushi chenyewe kikiwa cha kwanza.

Hatua ya pili: ondoa viyeyushi vinavyofyonza mwanga

Kila kiyeyushi kina kikomo cha upitishaji katika urujuanimno, yaani urefu wa wimbi ambapo sentimita moja ya kiyeyushi hicho huwa na ufyonzaji wa 1. Asetonitrili na maji hufika karibu nanomita 190, saikloheksani karibu 200, methanoli 205, ethanoli 210, diklorometani karibu 230, klorofomu karibu 245, dimethili salfoksidi na dimethilifomamidi karibu 268, tolueni karibu 285, na asetoni 330. Namba hizi zisichukuliwe kama mpaka salama. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba asilimia 90 ya mwanga imepotea ndani ya sentimita moja, na vyombo vingi vya mimenyuko vina kina zaidi ya hapo. Kanuni ninayoishikilia ni kukaa angalau nanomita 20 hadi 30 juu ya kikomo.

Asetoni inastahili uangalifu wa pekee. Kwa taa ya nanomita 365 inapitisha mwanga vizuri, lakini kwa nanomita 313 inafyonza karibu mwanga wote na kuingia katika tripleti (hali ya msisimko inayoishi muda mrefu kuliko ile ya kwanza, iitwayo singleti) yenye nishati ya takriban kilojuli 330 kwa moli, ambayo inatosha kuhamishia nishati kwenye naftaleni na kampaundi nyingine nyingi za kiaromati. Hapo asetoni huwa imegeuka kihamasishi, yaani kitu kinachofyonza mwanga na kuipa kampaundi nyingine nishati yake. Mtu anaweza kuitumia hivyo kwa makusudi, na mara nyingi hilo ni jambo jema, ila asidhani kwamba anachochea kampaundi yake moja kwa moja. Tolueni nayo, ikimulikwa kwa nanomita 254, hujifyonzea mwanga wote na kuficha kampaundi iliyomo ndani yake.

Usafi una uzito uleule. Heksani ya daraja la chini inaweza kuwa na chembechembe za benzeni. Tetrahidrofurani huuzwa ikiwa na kihifadhi cha fenoli kinachofyonza karibu na nanomita 280. Klorofomu huwekewa ethanoli au alkeni ili isiharibike. Na etha zilizokaa muda mrefu hujenga peroksidi, ambazo ni hatari kwa mlipuko na ni chanzo cha radikali (vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake) zisizotakiwa. Nunua daraja la spektroskopia pale inapowezekana. Pima spektra ya kiyeyushi kitupu dhidi ya maji safi, kisha kimulike kikiwa kitupu kwa muda wote uliopangiwa mmenyuko na uchunguze kwa kromatografia kama kimezalisha kitu. Jaribio hilo dogo huokoa majuma ya kutafsiri matokeo yasiyo na maana.

Hatua ya tatu: uliza kama kiyeyushi kitatoa hidrojeni

Tripleti ya ketoni ya kiaromati na radikali ya arili (pete ya kiaromati iliyopoteza atomi moja) zote zina njaa ya hidrojeni, na kiyeyushi ndicho kilicho karibu na kwa wingi kuliko kitu kingine chochote. Kinachoamua ni uimara wa kiungo cha kaboni na hidrojeni. Katika kikundi cha methili cha tolueni kiungo hicho huvunjwa kwa takriban kilojuli 375 kwa moli, katika isopropanoli na tetrahidrofurani kwa kiasi kinachozidi hapo kidogo, katika saikloheksani kwa takriban 416, na katika benzeni kwa zaidi ya 470. Ndiyo maana benzofenoni hutulia katika benzeni na kugeuka katika isopropanoli.

Iodidi ya arili inaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa radikali. Mwanga hukata kiungo cha kaboni na iodini. Radikali ya arili inayobaki, ikiwa ndani ya tetrahidrofurani au methanoli, hunyakua hidrojeni na kuishia kuwa hidrokaboni ya kiaromati ya kawaida. Ikiwa ndani ya benzeni, hushambulia pete ya kiyeyushi na kutoa bifenili. Anayetaka radikali hiyo ikutane na anioni iliyo katika myeyusho, kama ilivyo katika ubadilishanaji wa mnyororo unaojulikana kama SRN1, hana budi kutumia kiyeyushi kisichotoa hidrojeni kwa urahisi. Kwa sababu hiyo amonia ya kimiminika na dimethili salfoksidi ndizo zilizozoeleka huko.

Mfano ninaouona kuwa wa kufundisha zaidi ni wa 4-klorofenoli. Katika maji, mwanga huiondolea kloridi ya hidrojeni na kuacha kabeni, yaani molekuli yenye kaboni iliyo na viungo viwili tu. Kabeni hiyo ikikutana na oksijeni iliyoyeyuka, njia yake hufikia benzokwinoni. Ukiongeza alkoholi, kabeni hunyakua hidrojeni na mwisho wake ni fenoli. Kwa hiyo mtu anayechunguza jinsi uchafuzi wa klorofenoli unavyoharibiwa na jua majini, kisha akaongeza methanoli ili tu kusaidia umumunyifu, anakuwa amebadili mmenyuko anaouchunguza.

Viyeyushi vyenye klorini vina hatari ya namna nyingine: hupokea elektroni kwa urahisi kutoka kwa amini za kiaromati na hidrokaboni zilizosisimuliwa, hutoa radikali, na hatimaye asidi ya hidrokloriki hujikusanya katika myeyusho. Kama kampaundi yako au zao lake haivumilii asidi, viepuke kabisa, au angalau pima asidi kabla na baada ya kumulika.

Hatua ya nne: tazama upolari unavyopanga upya hali za msisimko

Hapa ndipo makosa mengi ya kutafsiri hutokea. Molekuli ya kiaromati yenye kikundi cha kabonili huwa na angalau hali mbili za msisimko zinazokaribiana kwa nishati: ile ambayo elektroni imetoka kwenye jozi pweke ya oksijeni (elektroni mbili zisizo kwenye kiungo), na ile ambayo elektroni imehama ndani ya mfumo wa pai wa pete (elektroni zinazoenea pete nzima). Viyeyushi vyenye upolari, hasa vile vinavyotoa kiungo cha hidrojeni, huishikilia jozi pweke na kuipandisha nishati hali ya kwanza. Hali ya pili kwa kawaida hushuka. Katika spektra utaona bendi dhaifu ya ketoni ikisogea upande wa mawimbi mafupi unapotoka saikloheksani kwenda ethanoli, huku bendi kali ya pai ikisogea upande wa mawimbi marefu. Zikikaribiana kiasi cha kupishana, hali ya chini kabisa hubadilika, na pamoja nayo hubadilika uwezo wa kunyakua hidrojeni.

Chukua 4-aminobenzofenoni. Kwa kufuata hatua ya tatu peke yake ungetabiri kwamba isopropanoli, yenye hidrojeni rahisi kutolewa, ingeipunguza haraka kuliko saikloheksani. Kinachotokea ni kinyume: katika saikloheksani hupunguzwa vizuri, na katika isopropanoli karibu haipunguzwi kabisa. George Porter na Paul Suppan walilieleza hilo katika miaka ya 1960: kikundi cha amino husukuma elektroni kuelekea kabonili, na katika kiyeyushi chenye upolari hali hiyo ya uhamisho wa chaji hushuka chini ya nyingine zote. Oksijeni ya kabonili hapo huwa imejaa elektroni na haina tena hamu ya kunyakua hidrojeni. Kwa hiyo, kampaundi ikiwa na kikundi kinachotoa elektroni upande mmoja na kinachopokea upande mwingine, usiamini utabiri wowote wa uimara wa viungo kabla ya kupima katika upolari wa aina mbili.

Kuna njia nyepesi ya kuichungulia hali ya uhamisho wa chaji bila kumaliza kampaundi, nayo ni fluoresensi, yaani mwanga ambao kampaundi iliyosisimuliwa huutoa. 4-dimethilaminobenzonitrili hutoa bendi moja karibu na nanomita 350 katika heksani. Katika asetonitrili hujitokeza bendi ya pili, pana, karibu na nanomita 480, inayotokana na hali ambayo chaji imetengana. Kampaundi yako ikionyesha bendi inayosogea mbali namna hiyo kadiri upolari unavyopanda, tayari umejua kwamba kiyeyushi kitaamua mmenyuko.

Kwa kupanga viyeyushi kwa upolari, namba ya dielektriki (kipimo cha jinsi kiyeyushi kinavyodhoofisha mvutano wa chaji) inatosha kuanzia: heksani 1.9, tolueni 2.4, tetrahidrofurani 7.6, diklorometani 8.9, asetoni 20.7, methanoli 32.7, asetonitrili 37.5, maji 78. Lakini namba hiyo haitambui kiungo cha hidrojeni. Kipimo cha Reichardt, kijulikanacho kama ET(30), huitambua tofauti hiyo: asetonitrili ina 45.6 na methanoli 55.4, ingawa namba ya dielektriki ya methanoli ni ndogo zaidi. Mimi hutazama vipimo vyote viwili, na vinapokinzana huchukulia kwamba kiungo cha hidrojeni ndicho kinachostahili kuchunguzwa kwanza.

Uhamisho kamili wa elektroni kati ya molekuli mbili hutegemea upolari kwa ukali zaidi. Pireni iliyosisimuliwa ikikutana na N,N-dimethilanilini katika heksani, molekuli hizo hushikamana na kuwa eksipleksi (jozi inayodumu katika hali ya msisimko tu), ambayo hung'aa kwa bendi yake yenyewe na kisha kurudi chini bila mabadiliko ya kudumu. Katika asetonitrili mng'ao huo hutoweka na mahali pake huonekana ioni mbili za radikali zinazokwenda kila moja na njia yake. Hesabu inaonyesha kwa nini: chaji mbili pinzani zilizo umbali wa nanomita 0.7 huvutana kwa takriban elektronivolti 1.1 katika heksani, na kwa takriban 0.05 tu katika asetonitrili. Mimenyuko inayohitaji ioni huru, kama ule ambao 1,4-disianobenzeni, alkeni na methanoli huungana kuwa molekuli moja huku sianidi ikitoka, hufanyika katika mchanganyiko wa asetonitrili na methanoli, na katika heksani hauna nafasi.

Hata mkato wa kiungo kimoja hufuata kanuni hii. 4-kloroanilini hukatwa kwa njia ya radikali katika saikloheksani, lakini katika asetonitrili au methanoli kloridi huondoka na elektroni zote mbili za kiungo, ikiacha kationi ya arili inayoweza kunaswa na alkeni au na pete nyingine ya kiaromati.

Usisahau protoni. Naftoli-2 ina pKa (kipimo cha uasidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya takriban 9.5 ikiwa imetulia, na takriban 2.8 katika hali ya singleti ya msisimko. Katika maji huachilia protoni ndani ya nanosekunde, na kinachoendelea na mmenyuko ni anioni. Katika asetonitrili kavu hakuna wa kuipokea. Kwa fenoli na naftoli, basi, kiasi cha maji kilichobaki katika kiyeyushi ni taarifa ya lazima.

Hatua ya tano: mnato na atomi nzito

Jozi ya radikali inapozaliwa, molekuli za kiyeyushi huizunguka kama ngome. Katika mpangilio mpya wa esta za fenoli kwa mwanga, uliotangazwa na Anderson na Reese mwaka 1960, asetati ya fenili hukatika kuwa radikali mbili; zikiungana tena ndani ya ngome hutoa hidroksiasetofenoni za ortho na para, na zikiponyoka, radikali ya fenoksi hupata hidrojeni kwingineko na kuwa fenoli. Kiyeyushi chenye mnato mkubwa huongeza sehemu ya mpangilio mpya na kupunguza fenoli. Ukitaka kulijaribu hilo, badilisha mnato ndani ya familia moja, kwa mfano kutoka methanoli hadi alkoholi zenye mnyororo mrefu au ethilini glikoli, ili upolari na utoaji wa hidrojeni visibadilike sana kwa wakati mmoja.

Viyeyushi vyenye bromini au iodini huharakisha kuvuka kutoka singleti kwenda tripleti. Asenaftileni hutoa dimeri (molekuli mbili zilizoungana) ya cis hasa kutoka singleti na ya trans kutoka tripleti; kuongeza bromidi au iodidi ya alkili huinua sehemu ya trans. Ni kifaa kizuri cha kutambua hali inayomenyuka, kisha kinawekwa kando.

Hatua ya sita: oksijeni

Kiyeyushi kilichokaa hewani kina oksijeni. Katika viyeyushi vingi vya kikaboni ukolezi wake ni takriban milimoli 2 kwa lita, na katika maji ni takriban milimoli 0.27. Tripleti nyingi za kiaromati ambazo zingeishi mikrosekunde nyingi huzimwa katika viyeyushi hivyo ndani ya nanosekunde mia chache. Kwa hiyo tofauti unayoiona kati ya maji na asetonitrili inaweza kuwa tofauti ya oksijeni tupu.

Pitisha nitrojeni au agoni kwa dakika 20 hadi 30, gesi ikiwa imepitia kwanza kwenye chupa nyingine yenye kiyeyushi kilekile, la sivyo asetonitrili au diklorometani itavukizwa na ukolezi wako utabadilika. Kwa vipimo vya makini tumia mizunguko mitatu au zaidi ya kugandisha, kufyonza hewa na kuyeyusha. Mizunguko hiyo haifai kwa maji, ambayo hutanuka yakiganda na kupasua kioo. Usipozeshe kwa nitrojeni ya kimiminika chombo kilicho wazi kwa hewa, kwa kuwa oksijeni itageuka kuwa kimiminika ndani yake.

Oksijeni ikiwa ndiyo inayotakiwa, kama katika kugeuza anthraseni kuwa endoperoksidi (peroksidi iliyofungwa ndani ya pete), chaguo hugeuka. Oksijeni ya singleti, yaani oksijeni iliyosisimuliwa, huishi takriban mikrosekunde 3.5 katika maji, takriban 10 katika methanoli, makumi ya mikrosekunde katika asetonitrili na benzeni, na zaidi ya 100 katika klorofomu. Katika maji mazito (yenye deuteri badala ya hidrojeni ya kawaida) huishi karibu mikrosekunde 68. Mmenyuko unaoharakishwa kwa kuweka maji mazito mahali pa maji ya kawaida unatoa ushahidi mzuri kwamba oksijeni ya singleti inahusika. Endoperoksidi zisikaushwe wala kupashwa moto kwa wingi.

Hatua ya saba: jaribio la kulinganisha

Anza na viyeyushi vitatu: saikloheksani, asetonitrili na methanoli. Saikloheksani na asetonitrili hutofautiana kwa upolari, asetonitrili na methanoli kwa kiungo cha hidrojeni na utoaji wa hidrojeni, na vyote vitatu hupitisha mwanga hadi karibu nanomita 230 bila shida. Kampaundi isiyoyeyuka katika saikloheksani ijaribiwe katika tolueni kwa nanomita 365, huku ukikumbuka hidrojeni ya methili yake.

Linganisha miyeyusho yenye ufyonzaji sawa katika urefu wa wimbi wa taa, si yenye ukolezi sawa, kwa kuwa bendi husogea kutoka kiyeyushi kimoja hadi kingine. Ufyonzaji wa 2 au zaidi hunasa asilimia 99 ya mwanga na kurahisisha hesabu ya mavuno ya kwanta, yaani idadi ya molekuli zinazomenyuka kwa kila fotoni iliyofyonzwa. Ila mmenyuko mwingi hapo hufanyika karibu na ukuta wa chombo, kwa hiyo koroga. Pima mwanga kwa aktinometa (myeyusho unaohesabu fotoni kwa mmenyuko unaojulikana) ya ferioksalati ya potasiamu, iliyoelezwa na Hatchard na Parker mwaka 1956, ambayo kwa nanomita 365 hutoa takriban ioni 1.2 za chuma(II) kwa kila fotoni. Simamisha mmenyuko kabla asilimia 10 ya kampaundi haijatumika, ili mazao yasianze kufyonza mwanga. Weka pembeni chombo kingine chenye myeyusho uleule kilichofunikwa giza, katika joto lilelile.

Kila chombo kimulikwe ndani ya kasha lililofungwa, kwa miwani inayozuia urujuanimno, na taa ya nanomita 254 isitazamwe kamwe kwa macho matupu. Benzeni husababisha saratani, na heksani hudhuru neva. Kwa kazi ya kawaida saikloheksani na trifluorotolueni mara nyingi hutosha badala yake, ingawa trifluorotolueni nayo haifai chini ya takriban nanomita 280.

Katika ripoti andika daraja la kiyeyushi, kihifadhi kilichomo, kiasi cha maji, gesi iliyopitishwa na kwa muda gani, kina cha chombo, na ufyonzaji wa kiyeyushi kitupu katika urefu wa wimbi uliotumika. Kama ulitumia mchanganyiko, taja uwiano kwa ujazo na utaje kipi kiliongezwa baada ya kuondoa oksijeni.